Ogada na Uhamisho wa Masese

Pale Kebirigo, ukimwuliza mtu njia ya kwenda kwa Ogada, atataka kujua kwanza unamtafuta yupi, fundi wa redio na simu au mtangazaji wa mpira. Ni mtu mmoja huyohuyo, na duka lake ni hilohilo moja lenye mlango wa buluu karibu na stendi ya bodaboda, lakini wenyeji wanaona ni heshima kumgawa mara mbili.

Hakuzaliwa huko. Alitoka upande wa ziwani, akapanda vilima vya Nyamira akiwa kijana mwenye sanduku la bisibisi na Kiswahili cha shule. Wiki yake ya kwanza sokoni alimsikia mtoto akimwita mwanamke mmoja muuza ndizi "baba". Akainama, akamsahihisha mtoto kwa upole kwamba huyo ni mama. Watu waliokuwa karibu walicheka hadi wakashika mbavu, kwa maana kwa Kigusii baba ndiye mama, na baba mzazi huitwa tata. Yule muuza ndizi alikuwa Esnah. Baadaye Esnah alihamishia ndizi zake mbele ya mlango wa buluu, na mpaka leo hapiti mgeni pale bila kusimuliwa kisa hicho, Ogada akiwa ndani anasikia na kujifanya anapuliza vumbi kwenye simu ya mtu.

Alimwoa Margret, msichana wa kwao aliyekuwa akifanya kazi katika zahanati, wakamzaa Emmah. Emmah anazungumza Kigusii vizuri kuliko Kijaluo, jambo linalompa baba yake fahari hapa Kebirigo na aibu kidogo wanapokwenda nyumbani Krismasi. Kigusii cha Ogada mwenyewe ni cha kuombea maji. Na bado ndiye sauti ya timu ya mpira, Kebirigo Chipukizi.

Ilitokea hivi. Ogada alikuwa na spika mbili kubwa alizozikodisha kwa harusi na matanga. Jumapili moja Chipukizi walizikodi kwa fainali ya kombe la wadi, na aliyepangwa kutangaza hakutokea. Refa alikuwa tayari amepuliza kipenga. Ogada, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia nyaya tu, akaona ni dhambi mpira uchezwe kimya na spika ziko pale. Akashika kipaza sauti. Alianza kwa Kiswahili, akachomeka Kigusii alichokuwa nacho, na Chipukizi walipofunga bao akajikuta anapiga kelele kwa Kijaluo, kwa sababu furaha ilimjia kwa lugha ya mama yake. Uwanja ulimpenda papo hapo. Hadi leo watoto wa Kebirigo wasiojua neno lingine la Kijaluo wanajua jinsi ya kushangilia bao kwa lugha hiyo.

Mechi zinachezwa Jumapili, kwa kuwa wengi ni Wasabato na Jumamosi wako kanisani. Ogada yeye husali Jumapili, kwa hiyo huenda ibada ya asubuhi na mapema, akatoka kabla ya matangazo ya mwisho, akafunga spika zake kwenye pikipiki. Kasisi alishaacha kumuuliza.

Basi mwaka huu Chipukizi walikuwa na mshambuliaji aliyeitwa Masese. Asubuhi alichuma majani chai na mama yake kwenye mteremko wa chini ya soko, jioni alifanya mazoezi, na Jumapili aliwafanya mabeki waonekane kama watu wanaotafuta ufunguo gizani. Mguu wake wa kushoto ulisifiwa hata Ikonge, ambako hawasifu kitu cha Kebirigo. Alikuwa ametia saini mkataba na klabu, na mkataba huo ulikuwa haujafika nusu wakati timu moja ya Thika iitwayo Chania Stima, inayocheza ligi ya pili ya taifa, ilipomwona katika mechi ya kirafiki na kumtaka.

Mwenyekiti wa Chipukizi, Onsongo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alijibu kwa neno moja. Hapana. Mkataba uishe kwanza.

Siku iliyofuata Masese hakuja mazoezini. Alituma ujumbe kwamba goti linamuuma. Jioni akaweka kwenye stetasi ya WhatsApp picha ya njumu zake zimetundikwa msumarini, na chini yake maneno: "Muda wa Mungu hauzuiliwi na binadamu." Kebirigo nzima ilijua binadamu ni nani.

Kesho yake benchi la mbele ya duka la Ogada halikuwa na nafasi. Watu walikuja na simu zisizo na hitilafu yoyote, wakidai zinapoteza chaji, ili tu wapate mahali pa kukaa na kubishana.

"Mkataba ni mkataba," alisema Mathew, karani wa kiwanda cha chai, ambaye huenda kila mechi na mwavuli hata jua likiwaka. "Mtu hawezi kuoa Januari, ikifika Juni aseme ameona mwingine mzuri zaidi."

"Wewe si uliacha kiwanda kile cha kwanza kabla ya muda wako kuisha?" Esnah aliuliza, akiendelea kupanga ndizi zake.

"Hiyo ni tofauti. Hiyo ilikuwa kazi."

"Na huyu anakwenda Thika kufanya nini, kutembea?"

Watu wakacheka. Mathew akakunja mwavuli wake vizuri zaidi ya ulivyokuwa umekunjwa.

"Sikatai aende," alisema. "Nakataa anavyokwenda. Goti, goti, na jana ameonekana akiruka mtaro na gunia la majani mgongoni. Hizi ni tabia amejifunza kwa hao nyota wa Ulaya. Mtu anagoma, anaweka picha, klabu inachoka, inamwachilia. Tukimkubalia huyu, kesho kipa naye ataumwa kidole."

"Kipa wetu ingekuwa heri aumwe," mwendesha bodaboda mmoja alisema kutoka nyuma.

"Kijana ana miaka mingapi ya kucheza?" Esnah aliendelea. "Mpira si kama chai, unachuma leo, unachuma ukiwa bibi. Mguu ukichoka umechoka. Thika wakimsubiri mpaka huo mkataba uishe, wataona mwingine."

"Na sisi je? Sisi tuliomshangilia kwenye mvua?"

"Kwani ulimshangilia kwa kumkopesha?"

Hapo wakamgeukia Ogada. Yeye alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo, na angependa sana kubaki humo.

"Fundi, sema na wewe."

"Mimi ni mtangazaji," Ogada alisema. "Mtangazaji hana upande."

Lilikuwa jibu la busara. Kwa kweli upande alikuwa nao. Alijua tu kwamba mgeni, hata akiishi mahali mpaka nywele zigeuke, ana mambo ambayo ni afadhali awaachie wenyewe. Amani yake Kebirigo ilikuwa imejengwa juu ya kujua wakati wa kunyamaza.

Jumapili hiyo Chipukizi walicheza na Birongo. Masese alikuja uwanjani akiwa amevaa viatu vyeupe vya kutembelea na koti, akasimama karibu na ua wa shule akijifanya mtazamaji kama wengine. Kina mama wa upande wa jukwaa walimwona wakatunga wimbo papo hapo, wimbo wenye neno moja tu, "goti", ambao uliimbwa kila alipobadilisha mguu wa kusimamia. Bila yeye Chipukizi walikuwa hovyo. Hadi mapumziko walikuwa nyuma kwa bao moja, na wangekuwa nyuma kwa zaidi kama Birongo wangekuwa na haraka.

Wakati wa mapumziko Ogada aliweka kipaza sauti mezani na kubonyeza swichi. Swichi hiyo ilikuwa na kasoro tangu Pasaka. Wakati mwingine ilizima, wakati mwingine ilidanganya. Aliyetengeneza redio za watu wa kata nzima hakuwa amepata nafasi ya kutengeneza kitu chake.

Esnah alimletea chai kwenye kikombe cha plastiki, akakaa juu ya kreti karibu naye.

"Sasa tuko wawili tu," alisema. "Niambie ukweli. Huyu mtoto aende, asiende?"

Ogada alikunywa chai kidogo. "Esnah, mimi ningekuwa na ule mguu wa kushoto, ningekuwa Thika tangu jana."

Hakuona vichwa vilivyogeuka upande wa goli la mbali. Akaendelea.

"Nilipokuwa Oyugis nilikuwa nimejifunga kwa mzee Okinyi, nifanye kazi kwake mpaka muda fulani. Nikapata nafasi ya kuja huku. Akakataa. Akanishika mwaka mzima. Unajua ule mwaka nilifanya nini? Mikono ilikuwa kwa Okinyi, mimi mwenyewe nilikuwa huku. Redio nilizotengeneza mwaka ule nadhani zote zinashika stesheni moja. Hakufaidi, na mimi sikufaidi. Sasa Masese ukimlazimisha acheze utapata nini? Utapata jezi inakimbia, mtu hayumo."

"Na Onsongo?"

"Onsongo ni mtu mzuri sana. Lakini akiogopa jambo, anakaza shingo kama ng'ombe anayevutwa kwenye josho."

Neno "josho" lilikwenda hadi kwenye kilima cha mashamba ya chai, likarudi. Ogada alilisikia likirudi kwa sauti yake mwenyewe, na akaelewa. Uwanja mzima ulikuwa kimya. Wachezaji waliokuwa wakila machungwa walikuwa wameacha kutafuna. Refa alikuwa anamtazama mdomo wazi. Na kwenye meza ya viongozi, chini ya hema, Onsongo alisimama, akafunga kifungo cha koti lake, akavuka uwanja wote polepole hadi pale.

"Fundi," alisema, "zima hiyo kitu."

Ogada alichomoa waya kabisa. Kisha kicheko kilianza upande wa Birongo, kikazunguka, na ilimbidi refa apulize kipenga mara kadhaa ndipo kipindi cha pili kianze. Chipukizi walifungwa la pili. Ogada aliunganisha waya na kutangaza mpaka mwisho kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

Kumbe kuna mtu aliyekuwa amerekodi, na kufikia Jumatatu sauti ya Ogada ilikuwa kwenye kila simu ya Kebirigo, hata zile alizokuwa amezitengeneza kwa mkono wake. Akipita stendi, waendesha bodaboda walilia kama ng'ombe. Mathew hakumsalimia siku mbili. Wengine walisema wazi kwamba mtu wa kuja amejiingiza katika mambo ya nyumba ya watu.

Margret alicheka mpaka akaketi chini.

"Baba Emmah," alisema akijifuta macho kwa kanga, "umekaa huku miaka yote hii bila kugombana na mtu. Kumbe ulikuwa unaweka akiba ugombane na wote mara moja?"

"Mama Emmah, jambo hili si la kucheka."

"Ni la kucheka. Halafu ukimaliza kuchekwa, uende kwa Onsongo. Uende mchana, watu wakikuona, usije ukaonekana unanyemelea."

Akaenda. Onsongo alikuwa anampimia mteja misumari. Akapima, akafunga, akarudisha chenji, akapanga makopo ya rangi ambayo yalikuwa yamepangwa. Mwishowe akasema, "Ng'ombe?"

"Nisamehe kwa hilo la ng'ombe, Mwenyekiti," Ogada alisema. "Ni neno la kumwambia rafiki, si la kumwambia kata nzima. Yale mengine siwezi kuyameza. Ndivyo ninavyoona."

Onsongo akamsukumia kiti cha plastiki. Mwenyewe akakaa juu ya mfuko wa saruji, na kwa muda alionekana mtu aliyechoka.

"Unajua uwanja ulikuwaje kabla ya huyu kijana? Tulikuwa mimi, wewe na mbuzi wa shule. Sasa watu wanatoka hadi Ikonge. Akienda, nani atakuja?" Akapangusa saruji kwenye suruali. "Hata hilo ningeliweza. Lakini mimi nimemjua akiwa anacheza na mpira wa makaratasi. Kwa nini haji kwangu? Anaiambia simu. Dunia yote inajua anataka kwenda isipokuwa mimi, sijaambiwa na mdomo wake hata siku moja."

"Na akija?"

"Mlango wangu umeuona na kufuli?"

Ogada hakurudi dukani. Aliteremka moja kwa moja kwenye mashamba ya chai, viatu vyake vya mjini vikiteleza, hadi alipowakuta Masese na mama yake, Nyanchoka, wakichuma mstari mmoja. Mama alikuwa mbele kwa mbali.

"Fundi, karibu," Masese alisema. "Umenitetea mbele ya uwanja mzima. Huku nyumbani sijapata wa kunitetea."

"Nikutetee na goti gani?" Nyanchoka aliuliza bila kugeuka. "Goti linaloteremka mlima na kupanda? Bwana fundi, mwambie huyu. Mimi nimesema mpaka mate yamekauka."

Ogada alimuuliza kijana swali moja tu, kwa nini hajaenda kwa Onsongo mwenyewe. Masese alichuma jani, akalitupa kapuni, akachuma jingine. Ule ujasiri wote wa kwenye stetasi haukuwepo.

"Siwezi, mzee," alisema. "Njumu zangu za kwanza yeye ndiye aliyeninunulia. Nilikuwa nacheza pekupeku, akaniita dukani, akanipa. Sasa nianzie wapi kumwambia nataka kutoka? Nikimtazama usoni maneno yanaisha."

"Basi umtazame miguu," Ogada alisema.

Nyanchoka ndiye aliyecheka kwanza. Akavua kapu lake, akapangusa mikono, akasema watakwenda siku hiyohiyo kabla mtoto hajapata goti lingine.

Walikwenda wote watatu, Nyanchoka akiwa amebeba mkungu wa ndizi kichwani kwa sababu hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Watu wa sokoni waliwaona wakipita, na ghafla kila mtu akakumbuka ana haja ya misumari. Esnah alikuwa wa kwanza mlangoni. Mathew alisimama nje na mwavuli wake, sikio moja ndani.

Masese alisimama kando ya mfuko wa saruji, akaitazama miguu ya Onsongo, iliyokuwa ndani ya ndala siku hiyo.

"Tata," alisema, "nimekosa. Goti haliumi. Nataka kwenda kujaribu Thika. Nilipaswa kukuambia wewe kwanza. Niliogopa kwa sababu ya zile njumu."

Onsongo naye aliziinamia ndala zake, na mteja mmoja akarudisha msumari alioushika.

"Zile njumu zilikuwa ndogo," alisema hatimaye. "Nilijua zinakubana. Hukuwahi kusema."

"Zilinibana sana, tata."

"Basi wewe una tabia ya kutosema." Onsongo akavuta kiti. "Kaa. Mama Masese, karibu, kaa. Utacheza mpaka tumalize na Ikonge. Utacheza kama mtu, si kama jezi inayokimbia. Hao Stima waje hapa, wacheze na sisi, watu wawaone, wajue mchezaji wao ametoka kwa watu. Halafu uende. Nitawapigia mwenyewe."

Mathew alikohoa kule nje. "Ikiwa ameomba kwa adabu," alisema, "mimi sina neno."

"Hakuna aliyekuuliza," Esnah alisema, na akamsogezea nafasi aingie.

Jumapili ya Ikonge, kabla ya mechi, Onsongo alimwomba Ogada kipaza sauti. Ogada alikuwa ametengeneza ile swichi, mara mbili, akaijaribu na Margret akiwa amesimama barabarani kusikiliza. Onsongo alikishika kama mtu aliyeshika nyoka.

"Watu wa Kebirigo," alisema, "ng'ombe amefika kwenye josho, na ametoka salama."

Hata Ikonge walicheka. Masese alicheza siku hiyo mpaka jezi ikawa haina rangi. Alifunga moja kwa kichwa, yeye ambaye sifa zake zote zilikuwa za mguu wa kushoto, na akapoteza penalti iliyokwenda kuangukia kwenye mahindi ya shule. Wakatoka sare. Kina mama walimwimbia "goti" kwa mara ya mwisho, safari hii wakimbeba juu juu, na Ogada alisahau lugha zote tatu, akabaki kupiga mluzi kwenye spika.

Stima walikuja, wakashinda, wakalishwa matoke, wakaondoka na Masese.

Chipukizi wamepata mshambuliaji mwingine, mrefu, mwenye bidii, anayeomba msamaha kwa mabeki akiwakanyaga. Watu bado wanakuja uwanjani, pengine si wengi kama zamani, ila mbuzi wa shule hawajarudishiwa nafasi yao. Alasiri moja Stima walipokuwa wanacheza, duka la mlango wa buluu lilijaa watu waliokuwa wakifuata mechi kwenye simu ya Emmah, ambayo picha yake ilikuwa inakwama kila baada ya muda. Masese alikuwa kwenye benchi. Mathew alieleza kwa nini kocha wa Thika hajui mpira. Esnah alimwambia akampigie kocha simu. Zikiwa zimebaki dakika chache, kijana akaingia, akapokea mpira upande wa kushoto, akapita mtu mmoja, na beki wa pili akautoa nje.

Ilikuwa kona tu. Lakini picha ilikwama hapohapo, na kwa kuwa hakuna aliyejua kona hiyo imezaa nini, Ogada alipanda juu ya kiti chake cha kazi akaitangaza mwenyewe hadi mwisho, kwa Kijaluo, na Kebirigo ikapata bao.